Mahari, Ukumbi wa Wavuvi

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, wenzake walirudi makwao na baiskeli, mabati, cherehani. Yeye alirudi na mashine ya kupigia chapa. Ilikuja juu ya mkokoteni wa bandarini, imefunikwa turubai, na watoto wa Igogo wakaifuata nyuma wakipiga miluzi. Nilikuwa mlangoni nachambua dagaa. Niliposikia mkokoteni umesimama kwangu nikajua nimekwisha.

"Nini hiki, Baba Precious?"

"Kiinua mgongo," akasema.

Kiinua mgongo! Kitu chenyewe kilihitaji wanaume sita kukishusha, na wawili kati yao waliondoka wameshika viuno. Kiwanda kile cha uchapaji kilikuwa cha ushirika, kikauzwa kama vilivyouzwa vingine miaka ile, na aliyekinunua alitaka jengo na kiwanja. Mashine za zamani aliziita chuma chakavu. Wafanyakazi waliodai haki zao aliwaambia anayetaka chuma achukue chuma. Wenye akili walikataa, wakakaa kusubiri. Machibya wangu akasema asante.

Mlango haukuitosha. Wakaung'oa pamoja na fremu yake. Kochi langu la watu watatu, nililolipata kwa kuuza mitumba juani, likatolewa barazani, na mvua ikanyesha siku hiyo hiyo. Kabati la vyombo likaenda chumbani kwa Precious, binti yetu, na kochi lililolowa likalifuata. Mashine ikasimama katikati ya sebule, juu ya sakafu nyekundu niliyokuwa naipaka nta kila Jumamosi, na kabla jua halijazama sakafu ilikuwa na ufa kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni.

"Utazoea," Machibya akaniambia.

Sikuzoea. Ilikuwa na gurudumu kubwa ubavuni na kanyagio chini, na ukikanyaga, mataya mawili ya chuma yanafunguka na kufumba. Mkono mmoja unatia karatasi, mwingine unatoa iliyokwisha kupigwa chapa, na ukizubaa, yale mataya hayabagui kidole na karatasi. Nyumba nzima ilitikisika. Vikombe viligongana kabatini. Herufi zenyewe zilikuwa za madini ya risasi, ndogo kama meno ya panya, zimelala kwenye kasha lenye vijumba vingi, na zikishatumika aliziosha kwa mafuta ya taa. Ugali ukanuka mafuta ya taa. Shuka zikanuka mafuta ya taa. Nilimkataza kushika mboga kabla hajanawa kwa sabuni, kwa sababu risasi ni sumu, akanijibu kuwa kiwandani walikula nayo miaka yote. Nikamwambia ndiyo maana mpo hivyo mlivyo.

Na la kuchekesha ni kwamba hakuwa anaijua kazi. Kule kiwandani Machibya alikuwa mtu wa kukanyaga tu. Kupanga herufi ilikuwa kazi ya watu wa chumba kingine, waliokaa kwenye viti virefu na kumwita "Miguu". Miguu, lete karatasi. Miguu, kanyaga. Sasa Miguu amefika nyumbani, hana wa kumpangia, akalazimika kuota kichwa.

Herufi ya risasi imegeuzwa, kama uso unavyogeuka kwenye kioo, na maneno hupangwa kichwa chini ili yakigusa karatasi yasimame sawasawa. Hilo alilijua kwa kuliona, hakulijua kwa mkono. Jaribio lake la kwanza lilikuwa jina lake mwenyewe. Likatoka AYBIHCAM. Nikamwuliza hilo ni kabila gani, akanitupia tambara la wino.

Halafu akagundua kwamba hana a. Herufi zile zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya lugha ya wenyewe, na wenyewe wanaponea a chache tu. Kiswahili bila a hakitoki hata nje ya geti. Ukitaka kuandika "Tafadhali karibu nyumbani kwangu" unamaliza kijumba kizima na bado hujamtaja unayemkaribisha. Kwa hiyo ilimbidi apange nusu ya karatasi, apige chapa, aoshe zile herufi, azirudishe vijumbani, kisha apange nusu ya pili kwa a zile zile. Kwenye herufi kubwa alijitia ujanja: A zikiisha, anageuza V kichwa chini. Ikatoka A isiyo na mkanda.

"Watu watasoma tu," alisema.

"Watasoma nini? Hiyo ni paa ya kibanda."

"Wewe Mjaruo unajua nini habari ya kusoma? Hata mashine unaita masine."

Ni kweli. Mimi Truphosa ni Mjaluo wa Shirati, na hiyo sh ya Shirati yenyewe inanishinda. Naandika vizuri, ulimi tu ndio haukubali. Yeye ni Msukuma wa Sengerema, na kwake l na r ni mapacha, anayemwita huja mwenzake. Tulipokuwa vijana tulichekeana kwa hayo. Tulipokuwa wazee tukapigana kwa hayo hayo.

Sasa niseme lililo moyoni, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Machibya alinikuta Musoma akiwa kijana wa karakana ya uchapaji. Nilipanda naye meli nikaja Mwanza bila kumuaga mtu. Baba yangu akatuma salamu kwamba hana ugomvi, anachosubiri ni mahari. Machibya akajibu anakuja. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, baba akazeeka akiulizia njia ya Mwanza, akafa. Hakuna ng'ombe aliyevuka kwenda Shirati kwa ajili yangu. Kaka yangu Okwach alikuwa anakuja Mwanza kwa biashara zake, anafika mlangoni kwangu, ananisalimu akiwa amesimama. Hakuwahi kukaa. Hakuwahi kunywa hata maji.

"Sili kwa mwizi," alisema, na Machibya yupo pale anasikia.

Nilimchukia Okwach kwa hilo. Nilimchukia Machibya zaidi. Na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mwanangu asiondoke kama nilivyoondoka mimi.

Basi Precious akapata mchumba, kijana mtulivu, mtoto wa Mihayo. Huyu Mihayo ni Msukuma mwenzake Machibya, lakini wa aina nyingine. Sangara walipopata soko la minofu huko ng'ambo, yeye alikuwa wa kwanza kununua lori la barafu. Akajenga Kiseke, akafuga ng'ombe huko huko nyuma ya nyumba, akaanza kuvaa shati jeupe siku za kazi. Kila tulipopanga wazee wakae wazungumze mahari, Mihayo alikuwa na safari.

"Mahari tutaongea, wakwe, haina haraka," alituambia. "Hizi ni zama za soko huria. Tusiwabane vijana na mambo ya kijijini."

Mimi nauza mitumba, soko huria nalijua. Huko watu wanauziana. Huyu alitaka la kuokota. Nilimtazama mume wangu aseme neno, naye akatazama miguu yake. Angesema nini? Mtu ambaye hakutoa anaanzia wapi kudai?

Siku ya sendofu ikapangwa, ile sherehe ya kumuaga binti, na mahari haijatajwa. Mihayo akatuma ujumbe kwamba kadi za mwaliko tusihangaike nazo, kuna mtu wake mjini anapiga kwa kompyuta, zina maua. Hapo Machibya akaamka.

"Kadi za mwanangu nachapa mimi."

"Zenye A za kibanda?" nikamwuliza.

"Nimesema nachapa mimi! Kila siku mnaiita chuma. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza, na mtaipokea."

Tulitukanana wiki nzima. Nilimwambia ataniaibisha mbele ya Mihayo. Aliniambia mimi tayari ni aibu yake. Mwishowe Precious, ambaye huwa haongei, akasema, "Baba achape," akaingia chumbani kwake kulala kati ya kabati na kochi.

Kupanga herufi huku unasoma karatasi kulimpa Machibya kizunguzungu. Kwa hiyo akanitaka nimsomee neno neno, naye akipanga. Nusu ya juu ilikwenda vizuri. Familia ya Bwana na Bibi Machibya inayo furaha kukualika, na kadhalika, kisha jina la mwanangu kwa herufi kubwa. Precious halina a hata moja, ndiyo maana lilitoka safi kuliko yote. Akapiga chapa, akaosha, akarudisha, tukaanza nusu ya chini. A kubwa zilikuwa chache, akageuza V, halafu ukumbi wenyewe ukawa wa Wavuvi na V nazo zikaadimika. Akaanza kulaani. Mimi nikaanza kulaani. Nilikuwa nimesimama na karatasi huku maharage yanaungua jikoni.

"Soma!"

"Mahali."

"Mahari," akaitikia, mkono ukaenda kwenye kijumba.

"Nukta mbili. Ukumbi wa Wavuvi."

"Ukumbi wa Wavuvi. Tatizo V. Endelea."

"Igogo. Saa nane mchana."

Aliitikia mahari, nami sikushtuka. Ningeshtukaje? Maisha yote ananiuliza "umetoka mahari gani", "weka pale mahari pake". Sikio langu lilishakata tamaa. Na zile herufi zilikuwa kichwa chini, nyuma mbele, nyeusi tii. Nikakimbilia maharage yangu.

Kabla ya kupiga chapa zote, mchapaji hutoa karatasi moja ya kujaribu, inaitwa prufu, mtu mwingine aisome kutafuta makosa. Mimi nilikuwa nakwangua sufuria. Machibya akampa Precious. Akaisoma amesimama, akaisoma tena, akasema, "Sawa, baba." Mashine ikaanza kutafuna.

Siku ya pili yake Machibya alivuka kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema na fungu la kadi kwapani. Nyingine alimpa kondakta wa basi la Mara azifikishe kwetu. Za Kiseke alizipeleka mwenyewe, kwa miguu yake hiyo hiyo. Nilikuwa sijawahi kumwona amevimba vile.

Mimi nililijua jambo sokoni. Mteja wangu mmoja alikuwa anachagua blauzi, akasema, "Hongera, Mama Precious. Kumbe mahari yenu mnapokea hadharani, ukumbini?"

"Mahari gani?"

Akaitoa kadi mkobani. MAHARI: UKUMBI WA WAVUVI, IGOGO. Na A zile za kibanda, zimesimama pale zinanicheka.

Niliacha nguo zangu chini zinakanyagwa. Nilifika nyumbani, nikaikuta mashine inang'aa kwa mafuta, Machibya hayupo, Precious anapiga pasi.

"Nani alisoma prufu?"

"Mimi."

"Na hukuona?"

Akageuza sketi upande wa pili, akapitisha pasi. "Niliona, mama."

Nikamshika mkono wenye pasi.

"Niliona," akasema tena. "Baba mkwe kila siku ana safari. Nikasema labda akisoma atakuwepo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote, kwa sababu nje kulikuwa na mlio wa gari la Mihayo.

Aliingia bila kubisha, maana mlango wenyewe ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Machibya akatokea nyuma yake mbio mbio, amekutana naye njiani.

"Karibu, mkwe," nikasema.

"Sikuja kukaribishwa." Alitafuta pa kukaa. "Hata kiti hamna. Mnaishi gereji?" Akaegemea mashine, akaipunga kadi. "Hiki ni nini? Mnanidai kwa chapa? Kiseke wamesoma. Soko la samaki Mwaloni wamesoma. Wateja wangu wananiuliza lini napeleka ng'ombe Igogo!"

"Mkwe, samahani sana," Machibya akaanza, mikono kifuani. "Ni helufi tu. Helufi moja imeteleza."

"Helufi! Mtu mzima unachezea chuma ndani ya nyumba, unaharibu majina ya watu. Sikia. Kadi hizi zinakusanywa zote, zinachomwa. Nyingine zinapigwa kwa kompyuta, na watu wanaojua kusoma. Na hili likopo lako kauze kwa kilo. Sikujua namwozesha kijana wangu kwa mbumbumbu."

Nami nilikuwa nimeyasema hayo yote. Niliyasema kila siku, kwa maneno makali zaidi. Lakini niliposikia yanatoka kwenye kinywa kile, na nikamwona Machibya ameinama kama anayetafuta sindano, damu ilinipanda mpaka masikioni. Mume wangu ni wa kutukanwa na mimi.

"Si kosa," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Imeandikwa mahari kwa sababu tumekusudia mahari. Umekwepa kukaa na wazee, basi tumekupangia siku, tumekupangia na ukumbi. Saa nane mchana. Mwanangu si mtumba wa kuokota kwenye rundo."

"Mwanamke unaongea hivyo mbele ya mumeo?"

"Naongea mbele ya masine yake. Imesema kabla yangu."

Mihayo akacheka kwa pua. "Tutaona nani ataona haya." Akajiengua kwenye mashine akatoka. Nyuma ya shati lake jeupe sahani ya chuma inayopakwa wino kwenye mashine ilikuwa imempiga duara jeusi, kubwa, limetulia vizuri. Alipita nalo mtaa mzima.

Machibya hakucheka. "Umeniharibia mtoto," akasema.

"Aliyeandika ni nani?"

"Ilikuwa helufi!"

"Sasa si helufi tena."

Hatukusemezana hadi siku ya sendofu. Alioga, nikaoga, tukaenda ukumbini tukipita pande mbili za barabara.

Mtu wa mjini akipata kadi anafikiria zawadi: sufuria, thermos, doti ya khanga. Lakini ukimwandikia Msukuma wa Sengerema kwamba mahari ipo ukumbi fulani saa fulani, haji na sufuria. Nilipofika getini niliwakuta baba zake Machibya, wakubwa na wadogo, wote wamevuka na kivuko cha asubuhi, wamevaa makoti, na kila mmoja ana fimbo na kamba. Walikuwa wamesimama mstari mmoja juani, wamekataa kuingia ndani kwenye viti.

Mihayo alikuja na wafanyabiashara wenzake wa minofu, wamefunga tai. Mzee Nkwabi, baba mdogo wa Machibya, akamzibia njia. Nkwabi hajui kusoma, lakini kadi alikuwa ameishika juu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," Mihayo akasema.

"Marahaba. Ng'ombe wanashukia wapi?"

"Mzee, ile kadi..."

"Nimesomewa. Kanisomea mwalimu, kanisomea na katekista. Imepigwa chapa. Wewe unabishana na chapa?"

Nyuma ya Mihayo wenye tai walianza kuulizana kwa sauti, na mmoja akasema, si umetuambia umeshamaliza kila kitu na hawa watu? Mihayo akatazama kamba, akatazama tai. Kijana wake mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Hapo niliona jinsi mtu tajiri anavyobanwa. Akamwita dereva wake pembeni, akamnong'oneza kwa meno yaliyokazwa, na lori lake la barafu likaondoka kwenda Kiseke kwenye ng'ombe wake.

Ng'ombe waliletwa ndani ya lori la samaki. Walishuka wananuka sangara, macho yamewatoka, wanateleza kwenye maji ya barafu. Akina mama wakapiga vigelegele. Precious alikuwa mlangoni na gauni lake, ameziba pua, machozi yanamtoka, na sijui ni ya furaha au ya harufu. Mzee Nkwabi akakunjua kamba yake.

"Simameni hapo!"

Sauti ile niliitambua kabla sijamwona. Okwach, kaka yangu, alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya geti, amevaa suti ya kahawia, na begani ana kamba. Akaingia polepole. Mkononi alikuwa na kadi iliyosafiri na kondakta hadi Shirati.

"Hapa pameandikwa mahari," akasema. "Tumefurahi sana kwetu. Tumeisubiri muda mrefu. Nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini wewe?" Nkwabi akauliza.

"Ng'ombe. Kwetu binti hatangulii kuolewa mama yake akiwa bado yupo kwa mwanamume bure. Ng'ombe wa binti wanapitia kwanza kwa mama. Mwulizeni shemeji yangu kama alitoa hata mbuzi."

Fimbo zikainuka. Wazee wa Sengerema walisema mengi, na mengine nashukuru kwamba Okwach hajui Kisukuma. Yeye alisimama palepale, anajibu kwa Kijaluo, na mengine nashukuru kwamba wao hawajui. Ng'ombe mmoja akakanyaga maua ya ukumbi.

Machibya akajipenyeza katikati, jasho linamtoka. "Shemeji, sikiriza. Ile kadi ni kosa. Niriandika mahari pa ukumbi. Ni helufi moja tu." Akanigeukia. "Mama Precious, mwambie. Mwambie ni kosa."

Fimbo zikashuka. Okwach akanitazama. Na pembeni nikamwona Mihayo anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, amemwashiria dereva asizime lori. Nilielewa. Nikisema ni kosa, Okwach atakunja kamba yake arudi Shirati. Lakini likiwa kosa kwa Okwach ni kosa kwa Mihayo pia, na ng'ombe wanapanda lori, na mwanangu anaondoka mikono mitupu kama mama yake. Nikisema si kosa, namvua nguo mume wangu mbele ya baba zake, wakwe zake na wavuvi wa Igogo wote.

Nilimtazama Machibya. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi, wino haukukubali kutoka hata kwa siku ile. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Halafu nikamkumbuka baba akiulizia njia ya Mwanza.

"Nilisema mbele ya Mihayo kwamba si kosa," nikasema. "Narudia. Si kosa."

Dereva akazima lori mwenyewe, bila kuambiwa.

Machibya alisimama pale nikadhani atanipiga, na wazee wake walidhani hivyo pia, maana walimpisha. Badala yake akaenda kwa Okwach, akamtoa kamba begani. Akaingia kati ya wale ng'ombe wanaoteleza, akachagua mtamba mweusi, mzuri kuliko wote, akamfunga pembe. Akaja naye akimvuta mpaka mbele ya kaka yangu, akamkabidhi kamba kwa mikono miwili.

"Mahari ni hapa, shemeji," akasema.

Hadi leo sijui alikusudia neno lipi. Okwach aliipokea kamba. Ng'ombe waliobaki, yeye na Nkwabi waligawana kwa matusi hadi jioni, na Mihayo akaondoka kabla ya keki.

Tulipomaliza Okwach akaja nyumbani. Akasimama mlangoni pasipo na mlango, mahali pake pa siku zote, nikajua atanisalimu aondoke. Akavua viatu akaingia. Nilikuwa na ugali na kisamvu, nikaviweka juu ya meza ya mashine kwa kuwa meza nyingine haikuwepo. Machibya akamshikia birika la maji ya kunawa, hawatazamani. Okwach alikula amesimama, mkono mmoja ameshika gurudumu, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe.

Akasema kisamvu changu kinanuka mafuta ya taa. Nikamwongezea.